Skrini Moja, Ndimi Nyingi: Historia ya Televisheni za Kichina na Funzo Lake kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi



Huenda baadhi yenu mlipoiona mada ya mhadhara huu mlijiuliza: mtu aliyetumia umri wake kuchunguza lahaja za Kiswahili anatafuta nini katika televisheni za Wachina? Swali hilo ni halali, nami nitalijibu mapema. Nilipokuwa kijana nilialikwa kuzungumza katika idhaa moja ya redio. Nimezaliwa na kulelewa Makunduchi, kusini mwa Unguja, na lahaja ya Kikae ndiyo niliyoamkia nayo duniani. Sikuwa nimemaliza sentensi ya tatu pale mtayarishaji wa kipindi aliponikatiza na kuniambia, tena kwa upole kabisa, "Bwana mdogo, tafadhali sema Kiswahili." Mimi nilidhani kwamba ndicho nilichokuwa nikikisema.

Simlaumu mtayarishaji yule. Alikuwa akitimiza kanuni ya kazi yake, na kanuni hiyo ilikuwa na sababu zake. Lakini swali aliloniachia halijanitoka tangu siku ile: chombo cha utangazaji kinapochagua usemi mmoja, huzifanya nini semi kinazoziacha nje ya mlango? Nimelitafuta jibu katika lugha yetu wenyewe, na baadaye nikagundua kwamba pana mahali ambapo swali hilo limejaribiwa kwa upana usio na mfano. Mahali hapo ni katika utangazaji wa televisheni kwa Kichina. Beijing, Hong Kong, Taiwan na Singapore zilianza kurusha picha katika kipindi cha miaka sita tu, kati ya 1957 na 1963. Zote zilikuwa na watazamaji wanaoshirikiana mapokeo ya maandishi yaleyale, lakini kila moja ilishika njia yake kuhusu lugha ya kusemwa. Kwa mwanaisimujamii, hii ni maabara iliyoandaliwa na historia.

2.0 Kichina ni Lugha Gani?

Kabla hatujaziingia televisheni zenyewe, hatuna budi kuondoa dhana moja potofu. Tunaposema "Kichina" twadhani tunataja lugha moja yenye lahaja, kama tusemavyo Kiunguja, Kimvita na Kiamu. Sivyo. Mzungumzaji wa Kimvita na wa Kiunguja wataelewana tangu salamu ya kwanza, hata kama watataniana. Mzungumzaji wa Beijing na wa Guangzhou, kila mmoja akisema usemi wa kwao, hawaelewani. Jina Kichina hubeba ndani yake makundi kadhaa ya semi: Kimandarini upande wa kaskazini na kusini-magharibi, Kiwu katika eneo la Shanghai, Kiyue, ambacho tawi lake mashuhuri ni Kikantoni, Kimin, ambacho tawi lake la Kihokkien husemwa Fujian, Taiwan na kusini-mashariki mwa Asia, pamoja na Kihakka na mengineyo.

Tuchukue mfano mdogo. Neno la nafsi ya kwanza umoja, "mimi", ni *wo* kwa Kimandarini, *ngo* kwa Kikantoni, na *goa* kwa Kihokkien. Matamshi haya yatofautiana, ila alama ya maandishi ni moja. Lakini si kila mara mambo huwa mepesi hivyo. "Kula" ni *chi* kwa Kimandarini na *sik* kwa Kikantoni, na haya ni maneno mawili yenye alama mbili tofauti. Kitenzi cha "kuwa" ni *shi* kaskazini na *hai* kwa Kikantoni. Hapa tena mizizi ni mbalimbali. Aidha, Kimandarini sanifu kina toni nne za msingi, ilhali Kikantoni kwa kawaida huhesabiwa kuwa na sita.

Mwaka 1956 Baraza la Serikali la China lilitoa agizo la kueneza Putonghua, yaani "usemi wa wote", uliojengwa juu ya matamshi ya Beijing. Katiba ya mwaka 1982, katika ibara ya 19, ikaitwika dola jukumu la kuueneza usemi huo nchi nzima. Miaka miwili tu baada ya agizo la 1956, televisheni ikazaliwa. Ilizaliwa, basi, ikiwa na kazi ya lugha inayoisubiri.

3.0 Miaka ya Mwanzo: Beijing, 1958 hadi 1978

Machi 1958 kiwanda kimoja mjini Tianjin kilitengeneza seti ya kwanza ya televisheni ya Kichina. Tarehe 1 Mei mwaka huohuo, Televisheni ya Beijing ilianza matangazo ya majaribio, na tarehe 2 Septemba ikaanza matangazo ya kawaida. Shanghai ilifuata tarehe 1 Oktoba. Mchezo wa kwanza wa kuigiza, uliohusu kitonge cha mkate wa mboga na kumbukumbu ya njaa, ulirushwa mwezi Juni 1958, waigizaji wakiigiza papo hapo mbele ya kamera.

Tusiikuze, hata hivyo, nguvu ya televisheni ya wakati ule. Seti zilikuwa haba mno, na mwananchi wa kijijini aliisikia dola kupitia vipaza sauti na redio. Mapinduzi ya Utamaduni yalipopamba moto, Televisheni ya Beijing ilisimamisha matangazo yake Januari 1967 kwa muda. Matangazo ya majaribio ya rangi yalianza Mei 1973. Itawapendeza baadhi yenu kukumbuka kwamba Zanzibar nayo ilianzisha televisheni yake ya rangi katika nusu hiyohiyo ya kwanza ya miaka ya 1970. Katika jambo hili visiwa vyetu havikuachwa nyuma na taifa kubwa kama lile.

Tarehe 1 Mei 1978 Televisheni ya Beijing ilibadilishwa jina na kuwa Televisheni Kuu ya China, inayojulikana kwa ufupisho wake CCTV. Badiliko hilo halikuwa la jina tu: kituo kilichoitwa kwa jina la mji sasa kiliitwa kwa jina la nchi, na sauti ya mtangazaji wake ikawa ndiyo kipimo cha usemi sahihi wa nchi nzima.

4.0 Njia Tatu za Pembezoni

4.1 Hong Kong

Televisheni ya kwanza katika mji wenye Wachina wengi haikuanzia China bara, bali Hong Kong iliyokuwa chini ya Waingereza. Kampuni ya Rediffusion ilianza kupeleka picha kwa waya Mei 1957, kwa Kiingereza zaidi, na walioweza kulipia walikuwa wachache. Mageuzi ya kweli yalikuja tarehe 19 Novemba 1967, pale kituo cha TVB kilipoanza kurusha matangazo ya bure hewani kupitia chaneli mbili: moja ya Kikantoni na nyingine ya Kiingereza.

Hapa serikali haikuwa na mradi wa kueneza Kimandarini. Mfanyabiashara alitaka watazamaji, na watazamaji wake walisema Kikantoni. Basi akawapa Kikantoni. Matokeo yake ni kwamba usemi ambao katika nchi mama ulihesabiwa kuwa lahaja ya jimbo ulipata taarifa ya habari, tamthilia za mapanga, vichekesho, mijadala na nyimbo. Tamthilia kama *The Bund* ya mwaka 1980 ilivuka mipaka na kutazamwa kote kusini-mashariki mwa Asia. Kule Guangdong, ng'ambo ya mpaka, watu walipandisha juu ya mapaa antena zenye umbo la miba ya samaki ili wadake mawimbi ya Hong Kong, hata pale wakuu wa mahali walipokataza.

Kituo cha Rediffusion kilichogeuzwa jina na kuwa ATV mwaka 1982 kilifungwa Aprili 2016 baada ya leseni yake kutohuishwa. Hata hivyo, Kikantoni hakikutegemea kampuni moja. Kilikwisha kuwa lugha ya utangazaji, na lugha ikifikia daraja hilo huwa imejipatia msamiati wa kila uwanja wa maisha.

4.2 Taiwan

Taiwan ilishika njia ya pili. Televisheni ya Taiwan, TTV, ilianza tarehe 10 Oktoba 1962, ikafuatwa na CTV mwaka 1969 na CTS mwaka 1971. Vituo vyote vitatu vilihusiana na serikali, chama tawala au jeshi, na lugha yao kuu ilikuwa Kimandarini, ingawa wengi wa wenyeji walisema Kihokkien nyumbani. Mwaka 1970 TTV ilianza kuonyesha mchezo wa vibaraka wa Huang Chun-hsiung kwa Kihokkien. Watu waliupenda mno, na mwaka 1974 ukaondolewa hewani. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1976, katika kifungu chake cha 20, iliagiza kwamba lugha ya taifa itawale na lahaja zipunguzwe mwaka hadi mwaka.

Sheria ya kijeshi iliondolewa Julai 1987, na kifungu hicho cha lugha kikafutwa mwaka 1993. Kilichofuata ni kazi ya kurudisha kilichobomolewa: televisheni ya umma ilianzishwa mwaka 1998, chaneli ya Kihakka mwaka 2003, chaneli ya wenyeji wa asili, ambao lugha zao ni za jamii ya Kiaustronesia, mwaka 2005, na chaneli ya Kihokkien cha Taiwan ya shirika la umma mwaka 2019. Tutafakari mpangilio wa tarehe hizi. Kupunguza lugha kulihitaji kifungu kimoja cha sheria. Kuirudisha kumehitaji chaneli nzima, bajeti ya kila mwaka na walimu, na bado kizazi kizima kimekwisha kukua bila ya kuisema barabara.

4.3 Singapore

Singapore ilianza televisheni mwaka 1963, ikitangaza kwa Kiingereza, Kimalei, Kichina na Kitamili. Wachina wake wengi walisema Kihokkien, Kiteochew na Kikantoni. Septemba 1979 Waziri Mkuu Lee Kuan Yew alizindua Kampeni ya Kusema Kimandarini, na katika miaka ya mwanzo ya 1980 vipindi vya lahaja vilikwisha kuondolewa. Tamthilia zilizonunuliwa Hong Kong ziliingizwa sauti upya kwa Kimandarini. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mtoto hawezi kubebeshwa Kiingereza, Kimandarini na lahaja kwa pamoja. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ila bibi aliyezoea kumsikia shujaa wake akisema Kikantoni alijikuta ameketi mbele ya skrini iliyomnyima masikio.

Mwaka 2016 televisheni ya Singapore ilirudisha tamthilia fupi kwa Kihokkien, iliyokusudiwa kuwafikishia wazee maelezo ya huduma za serikali. Dola ilikuwa imegundua kwamba kuna raia ambao haiwezi kuzungumza nao.

5.0 China Bara Baada ya 1978

Turudi bara. Tarehe 28 Januari 1979 Televisheni ya Shanghai ilionyesha tangazo la kwanza la biashara, la divai ya dawa. Mwaka 1983 sera mpya iliruhusu vituo kuanzishwa katika ngazi nne: taifa, jimbo, mji na wilaya. Vituo vikachipuka kama uyoga baada ya mvua. Mwaka huohuo CCTV ilianzisha tamasha lake la mkesha wa Mwaka Mpya wa Kichina, ambalo limekuwa miongoni mwa vipindi vyenye watazamaji wengi kupita vyote duniani. Mwaka 1990 tamthilia ya *Kewang*, yenye sehemu hamsini, iliwakalisha watu majumbani kwa kisa cha familia za kawaida za Beijing.

Miaka ya 1990 ilileta setilaiti. CCTV ilifungua chaneli yake ya nne kwa ajili ya Wachina walioko ng'ambo mwaka 1992. Phoenix, yenye makao Hong Kong lakini ikisema Kimandarini, ilianza Machi 1996. Na Hunan ikapanda setilaiti mwaka 1997. Kituo cha jimbo sasa kilionekana nchi nzima, na kwa hiyo kilikuwa na sababu ya kibiashara ya kutumia usemi unaoeleweka nchi nzima. Hapa soko na sera vilivuta kamba upande mmoja.

Lakini katika ngazi ya mji mvuto ulikuwa tofauti. Mwaka 2004 kituo kimoja cha Hangzhou kilianza kusoma habari kwa lahaja ya mji huo, na katika miji mingine katuni za Tom na Jerry ziliingizwa sauti kwa lahaja, zikawavunja watu mbavu. Mamlaka ya utangazaji ikatoa agizo mwaka huohuo kupiga marufuku uingizaji sauti kwa lahaja katika vipindi vya kigeni, na mwaka 2005 ikawataka watangazaji watumie Putonghua na waache kuigiza lafudhi za Hong Kong na Taiwan. Msingi wa kisheria ulikuwapo tayari: sheria ya lugha na maandishi ya pamoja ya taifa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2001.

Mvutano huo ulifikia kilele Guangzhou. Julai 2010, kabla ya Michezo ya Asia iliyofanyika mjini humo mwezi Novemba, lilitolewa pendekezo kwamba kituo cha mji kigeuze chaneli yake kuu kutoka Kikantoni kwenda Putonghua. Tarehe 25 Julai mamia ya watu walikusanyika barabarani kukitetea Kikantoni. Ni nadra kuona watu wakiandamana kwa ajili ya lugha ya televisheni. Waliandamana kwa sababu walielewa jambo ambalo sisi wanaisimu huliandika kwa maneno mazito: lugha ikipoteza uwanja wa matumizi, hupoteza na heshima, na mtoto hung'amua hivyo kabla ya mzazi.

Haki inanitaka nitaje upande wa pili. Kwa takwimu za serikali ya China, kiwango cha wanaoweza kutumia Putonghua kilikuwa takriban asilimia 53 mwaka 2000, na mwaka 2020 kilizidi asilimia 80. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na shule na uhamiaji wa vibarua, lakini televisheni ilikuwa mwalimu asiyelala. Kijana wa kijijini aliyekwenda kutafuta kazi mjini alinufaika kwa hakika. Asiyeliona hilo anahubiri lahaja kutoka kwenye kiti cha starehe.

6.0 Maandishi Chini ya Picha

Yeyote aliyewahi kutazama televisheni ya Kichina ameona mstari wa maandishi chini ya picha, hata pale msemaji anaposema Kimandarini fasaha. Desturi hiyo ina mizizi katika hali ya lugha niliyoieleza. Maandishi ya Kichina hayaandiki sauti moja kwa moja kama alfabeti yetu, bali kila alama huwakilisha silabi yenye maana. Mtazamaji wa Fujian asiyeishika vema lafudhi ya Beijing husoma, naye akafuata kisa.

Wengi husema kwamba maandishi hayo ni daraja lisilopendelea mtu. Naomba kutofautiana nao kidogo. Maandishi yanayotumiwa kwa kawaida hufuata sarufi na msamiati wa Kimandarini. Mtazamaji wa Hong Kong husikia *sik* na kusoma alama ya *chi*. Husikia *hai* na kusoma alama ya *shi*. Sikio lake liko nyumbani, jicho lake liko ugenini. Hata hivyo, daraja lenye mwinamo ni bora kuliko mto usiovukika: mpango huo umewezesha tamthilia ya Kikantoni kuhifadhi sauti yake na bado kuwafikia wasioisema.

7.0 Kiswahili Kinahusikaje?

Uhusiano wa utangazaji wa Kichina na Kiswahili si wa kubuni. Redio ya kimataifa ya China ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961. Januari 2012 CCTV ilifungua kituo chake cha Afrika mjini Nairobi, ambacho tangu mwisho wa 2016 kimo chini ya jina la CGTN; mwaka 2018 CCTV na redio hiyo ya kimataifa ziliunganishwa katika shirika moja. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, *Doudou na Mama Wakwe Zake*, na Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam, Machi 2013. Tangu 2016 kampuni ya StarTimes imeendesha mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili kwa kazi hiyo.

Basi tujiulize: mama mkwe wa Beijing anaposema Kiswahili, asema Kiswahili cha nani? Jibu la kawaida ni Kiswahili sanifu, kile kilichojengwa juu ya Kiunguja cha mjini na kusimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu 1930. Kwa filamu inayotazamwa kutoka Mombasa hadi Bujumbura, jibu hilo ni sahihi, wala silipingi. Ninalolipinga ni kulihamishia jibu hilo kwa mvuvi wa Tumbatu, mfinyanzi wa Pemba au mshairi wa Lamu anapohojiwa kuhusu kazi yake mwenyewe, kisha akaambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, aseme Kiswahili.

Sisi tuna wepesi ambao Wachina hawanao. Umbali kati ya lahaja zetu ni mdogo, na alfabeti yetu huweza kuandika kila lahaja kama isemwavyo. Mpemba akizungumza Kipemba, mstari mmoja wa Kiswahili sanifu chini ya picha watosha kumfikisha Kigoma, na msikilizaji wa Kigoma atakuwa amejifunza kitu. Gharama yake ni mwandishi mmoja anayejua lahaja ile, na vyuo vyetu vinawafunza watu wa namna hiyo kila mwaka.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, televisheni haiakisi lugha tu; huipa daraja au huivua. Pili, usanifishaji una faida za kweli, na mifano ya Beijing na Singapore yathibitisha hivyo. Ila Taiwan yatufundisha kwamba gharama ya kufuta huja baadaye, nayo hulipwa na wajukuu. Tatu, uchaguzi kati ya lugha ya wote na lugha ya nyumbani si wa lazima pale skrini inapoweza kubeba sauti moja na maandishi mengine.

Kwa wanafunzi waliomo ukumbini nina ombi. Rekodini wazee wenu wakisema kama wasemavyo, kwa picha na sauti, na muandike chini yake kwa Kiswahili sanifu. Siku mtayarishaji wa kipindi atakapowauliza mbona mzee huyu hasemi Kiswahili, muwe na cha kumwonyesha.